Ruzuku ya DFG ya kurekebisha nyumba ya mzee au mgonjwa nchini England: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Maombi ya DFG hayakwamishwi na uhaba wa fedha tu. Mara nyingi hukwama mahali pale pale. Mzee anamjibu mtaalamu aliyekuja kupima mahitaji yake "sijambo, naendelea vizuri", na jibu hilo linaandikwa kama lilivyo. Familia inamwita fundi kabla ya idhini. Au fomu inapelekwa nusu nusu, na kaunsili haianzi kuhesabu muda wake wa kisheria.

Disabled Facilities Grant, kwa kifupi DFG, ni ruzuku ya kaunsili ya kurekebisha nyumba anamoishi mtu mwenye ulemavu, mtoto au mtu mzima. Si mkopo. Anaweza kuomba mwenye nyumba, na mpangaji pia. Ulemavu kwa sheria hii ni pamoja na kupungukiwa sana na uwezo wa kuona au kusikia, maradhi ya akili, na udhaifu wa mwili uliotokana na ugonjwa au ajali. Kiwango cha juu England ni pauni 30,000. Wales ni pauni 36,000, na Scotland ina utaratibu wake tofauti kabisa.

Shika jambo moja kabla ya yote: ruzuku hii iko kwenye sheria ya mwaka 1996. Ukitimiza masharti, kaunsili haina hiari ya kukunyima, na "bajeti imekwisha" si sababu halali ya kukataa. Haki hiyo ni yako, ila ina mpangilio wake.

## Kazi zinazolipiwa

Kuingia na kutoka nyumbani, hadi bustanini. Kufika sebuleni, chumbani, chooni na bafuni, na kuvitumia. Kupika. Kupasha nyumba joto pale ambapo mfumo uliopo haumfai mgonjwa. Kuhamisha swichi na soketi zisizofikika. Kuifanya nyumba iwe salama kwake, kwa mfano kwa mtoto asiyetambua hatari au mzee mwenye ugonjwa wa kusahau. Na hili wengi hawalijui: inalipia pia marekebisho ya kumwezesha mtu mwenye ulemavu kumhudumia mtu mwingine anayemtegemea humo ndani.

Vishikio vya ukutani, reli ya ngazi na vitu vingine vidogo visivyozidi pauni 1,000 havihitaji DFG. Huduma za jamii za kaunsili huviweka bure mara mgonjwa akipimwa na kuonekana anavihitaji. Viombe siku ya kwanza, viwekwe wakati kazi kubwa inasubiri.

## Kusanya hivi kwanza

- Kitambulisho na namba ya National Insurance ya mgonjwa, na ya mwenzi wake kama yupo.
- Barua ya karibuni ya malipo ya serikali anayopata, yenye tarehe na jina la malipo hayo.
- Taarifa za benki za miezi ya karibuni, akaunti zote, hata zile ambazo hazitumiki.
- Uthibitisho wa umiliki wa nyumba au mkataba wa kupanga.
- Anwani ya mwenye nyumba, kama mmepanga.
- Orodha ya dawa na barua za hospitali.
- Futi kamba, daftari, na simu ya kupigia picha.

Weka nakala za kila kitu kwenye faili moja. Karatasi hupotea kati ya idara na idara, na asiye na nakala huanza upya.

## Hatua ya 1: Bisha mlango sahihi

Ukiwa London au mji mkubwa, kaunsili moja hushughulikia yote. Maeneo mengine yana kaunsili mbili: ya wilaya ndiyo yenye ruzuku, ya kaunti ndiyo yenye mtaalamu wa kupima mahitaji. Hapo wapigie wote wawili. Anayempigia mmoja akisubiri ampelekee mwenzake taarifa huweza kukaa miezi bila kujua kwamba faili halijafunguliwa.

Kwa wa kwanza sema: "Tunaomba fomu ya DFG." Kwa wa pili: "Tunaomba tathmini ya OT." OT ni mtaalamu wa tibakazi, yule anayepima jinsi mtu anavyoweza kuoga, kula, kupanda ngazi na kujihudumia. Omba mkalimani wa Kiswahili wakati huo huo, na umtaje tena tarehe ya ziara ikipangwa. Msimtumie mtoto kama mkalimani. Kuna maswali ya choo na ya kujisitiri ambayo mzee hatayajibu kweli mbele ya mjukuu wake.

Uliza pia kama eneo lenu lina wakala wa kuboresha makazi, yaani Home Improvement Agency. Hao hujaza fomu, huchora ramani na kutafuta wakandarasi, na ada yao kwa kawaida huingizwa ndani ya ruzuku yenyewe.

Umefanikiwa ukiwa na: namba ya kumbukumbu kutoka kila mlango, na jina la afisa na tarehe vikiwa daftarini.

## Hatua ya 2: Andika shajara ya siku 14

OT atakaa nyumbani saa moja, pengine mbili. Hatauona usiku, wala asubuhi ya baridi ambayo magoti yamegoma. Kwa hiyo muda huo usioonekana mwandikie.

Kila siku andika saa, tendo, muda uliotumika, nani alisaidia na nini kilitokea. Tumia namba. "Mama ana shida ya miguu" haimpi mtaalamu kitu cha kushika. Linganisha na hii: "Jumanne saa 10 usiku. Ngazi 13 hadi chooni. Alishuka kwa makalio, dakika 7. Hakuwahi. Binti alimbadilisha nguo. Wiki hii mara 4."

Andika na yale ambayo ameshaacha kuyafanya. Mtu asiyeoga bafuni tangu Ramadhani, anayejifuta kwa kitambaa na beseni jikoni, ukimuuliza kama amewahi kuanguka bafuni atasema hapana. Ni kweli, haingii.

Umefanikiwa ukiwa na: kurasa mbili tatu ambazo mgeni akizisoma anaiona siku nzima ya mgonjwa.

## Hatua ya 3: Ziara ya OT

Hapa ndipo pa kuweka nguvu, maana ripoti ya OT ndiyo inayosema kazi ni ya lazima na inafaa mahitaji ya mgonjwa. Kilichokosekana kwenye ripoti hakitaonekana kwenye mchoro, na hakitalipiwa.

Adabu yetu inatuponza. Mgeni akiuliza hali, mzee hujibu "sijambo, namshukuru Mungu", hata kama usiku hakulala. Ataamka kwa nguvu zote amkaribishe, atapanda ngazi mbele yake ili asionekane ni mzigo, kisha atalala siku mbili kwa maumivu. Kaa na mzazi wako siku moja kabla na umweleze taratibu kwamba salamu ni salamu, ila maswali yatakayofuata si salamu. Mwambie aonyeshe anavyofanya akiwa peke yake, na aseme siku yake mbaya inavyokuwa.

Mambo ya kumweleza OT hata asipouliza:

Udhu. Kuinua mguu hadi kwenye sinki, mkono mmoja umeshika bomba la maji, mara tano kwa siku, ni hatari kubwa ya kuanguka, na wataalamu wengi hawajui kwamba tendo hilo lipo. Mwonyeshe. Bafu bapa, lisilo na kizingiti, lenye kiti cha kukunja na bomba la mkononi humaliza tatizo hilo.

Kujisafisha kwa maji. Watu wengi hudhani shatafu itawekwa tu na fundi mwishoni. Kanuni za maji za Uingereza za mwaka 1999 zinalihesabu bomba la aina hiyo kuwa hatari ya kurudisha uchafu kwenye maji safi, hivyo linahitaji kinga maalumu, na mkandarasi makini hatalifunga hivi hivi. Lisemwe mapema. Kama mikono ya mgonjwa haifiki au haina nguvu, OT anaweza kupendekeza choo kinachoosha na kukausha chenyewe, na hicho kinaweza kulipiwa na ruzuku.

Upande wa choo. Kama choo kitahamishwa na familia haitaki kielekee kibla wala kukipa kisogo, sema sasa, mabomba hayajachorwa. Baadaye itakuwa gharama yenu.

Anayemsaidia. Kama mgonjwa huogeshwa, pawepo nafasi ya watu wawili. Milango ya nusu kimo humruhusu msaidizi asimame nje bila kulowa.

Kabla hajaondoka muulize: "Unapendekeza nini, na ripoti itafika kwa afisa wa ruzuku lini?" Omba nakala. Mkisoma mkakuta neno kama "anajitegemea" mahali ambapo si kweli, andikeni barua ya kusahihisha wiki hiyo hiyo na mwambatanishe shajara.

Umefanikiwa ukiona: ripoti inataja kazi kwa jina na sababu ya kila kazi.

## Hatua ya 4: Upimaji wa kipato

Kinachopimwa ni kipato na akiba ya mgonjwa na mwenzi wake tu. Mama akiishi kwa mwanawe mwenye mshahara mzuri, mshahara wa mwana hauhesabiwi, hata kama nyumba ni ya mwana. Familia nyingi hukata tamaa hapa bila sababu.

Mgonjwa akiwa mtoto au kijana chini ya miaka 19, wazazi hawapimwi kabisa.

Anayepata Universal Credit, sehemu ya Guarantee ya Pension Credit (nyongeza kwa wazee wenye kipato kidogo), au Housing Benefit, kwa kawaida hachangii kitu. Kama mzazi ana haki ya Pension Credit na hajaiomba, iombeni kwanza. Attendance Allowance, malipo ya wazee wanaohitaji kuhudumiwa, haihesabiwi kama kipato. Pauni 6,000 za kwanza za akiba nazo haziguswi.

Fomu itauliza mali. Kama kuna kiwanja Tanga au nyumba Mombasa, kitajeni, kaunsili ndiyo itakayoamua namna ya kukihesabu. Kuficha kunaweza kuivunja ruzuku nzima hata baada ya kazi kukamilika.

Ikitokea mmeambiwa mchango wenu ni mkubwa kuliko gharama, msiondoke mikono mitupu. Ombeni idhini rasmi hata kama ruzuku ni sifuri. Mkilipia kazi hiyo wenyewe chini ya idhini, mchango huo hukatwa mkija kuomba tena ndani ya miaka 10 kwa mwenye nyumba, au miaka 5 kwa mpangaji. Kwa ugonjwa unaozidi mwaka hadi mwaka, karatasi hiyo ina thamani kubwa. Ulizeni pia sera ya kaunsili yenu, kwani baadhi hazipimi kipato kwa kazi fulani.

Mwenye viza yenye sharti la kutotumia fedha za umma azungumze na mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa kabla ya kutia saini chochote.

## Hatua ya 5: Umiliki na ruhusa

Fomu ina cheti cha mmiliki au cha mpangaji. Mnathibitisha kwamba mgonjwa anakusudia kuishi humo kama makazi yake makuu kwa miaka 5, au muda mfupi zaidi kadiri afya itakavyoruhusu. Mzee anayekwenda nyumbani mwezi mmoja kusalimia hana tatizo. Anayekaa Afrika sehemu kubwa ya mwaka ajieleze kwa ukweli kabla ya kutia saini.

Kwa wapangaji, kaunsili itataka karatasi ya mwenye nyumba. Mwandikieni mapema, mkitaja kazi, nani analipa, na kwamba fundi atarudisha mahali pakiwa safi. Akikataa, mwombeni sababu kwa maandishi, kwani sheria ya usawa ya mwaka 2010 haimruhusu kukataa bila sababu ya maana. Wengi hulainika wakijua kwamba wao hawatoi hata senti.

## Hatua ya 6: Mchoro na makadirio ya bei

Kwa kawaida yanatakiwa makadirio mawili kutoka kwa wakandarasi wawili tofauti, wote wakitumia mchoro mmoja na orodha moja ya kazi. Mmoja akiwa amepigia hesabu vigae hadi darini na mwenzake nusu ukuta, afisa atawarudisheni.

Pima wewe mwenyewe kabla.

Rampu: chukua kimo cha kizingiti, zidisha kwa 12. Kizingiti cha sentimita 15 kinataka rampu ya sentimita 180. Ngazi tatu za kimo hicho ni sentimita 45, yaani rampu ya mita 5.4, bila kuhesabu sehemu za bapa za kupumzikia. Na 1 kwa 12 ni mteremko mkali unaofaa rampu fupi tu, ndefu hulazwa zaidi. Uwanja wa mbele wa nyumba nyingi za mtaani hautoshi. Ukiona hesabu haikai, uliza lifti ndogo ya kupandia ngazi za nje.

Mlango: pima nafasi wazi ubao ukiwa umefunguliwa, si fremu. Kisha pima kiti cha magurudumu na mikono ya anayekisukuma. Vidole vinavyokwaruzwa kila siku havionekani kwenye mchoro.

Bafu bapa: sakafu yake haina kizingiti, maji huteremka yenyewe hadi kwenye tundu. Hapo ndipo panapoharibika. Mteremko ukiwa mdogo, maji hutuama au hutokea mlangoni na kuozesha mbao za sakafu. Orodha ya kazi itaje sakafu isiyoteleza, kuzuia maji chini ya sakafu na kwenye kuta, na pampu ya maji machafu kama bomba la nje liko juu. Bomba la kuogea liwe na kidhibiti joto, maana ngozi ya mzee huungua upesi na mwenye kisukari aweza asihisi.

Kiti cha umeme cha ngazi: hakikisha mgonjwa anaweza kukaa wima, kugeuka na kushuka salama kule juu. Kwa ugonjwa unaoendelea, kiti kinachofaa leo huenda kisifae baada ya miaka miwili, na choo na bafu vya chini vikawa uamuzi bora zaidi. Jadilini na OT kabla ya kukipenda.

Kuhusu VAT: kazi nyingi za aina hii, zikiwemo bafu, rampu na kupanua milango, hazitozwi kodi hiyo ya asilimia 20 mgonjwa akitia saini tamko la kustahiki. Kwa kazi ya pauni 9,000 ni pauni 1,800. Zinapotozwa bila sababu, zinakula kiwango chenu cha juu.

Gharama ikizidi pauni 30,000, ombeni nyongeza. Kaunsili ina mamlaka ya kuitoa kwa hiari yake, na masharti yake yako kwenye sera yake ya misaada ya makazi.

## Hatua ya 7: Peleka ombi kamili, uanze kuhesabu

Kaunsili inatakiwa kujibu kwa maandishi ndani ya miezi 6. Lakini miezi hiyo haianzii simu yako ya kwanza wala ziara ya OT. Inaanza siku walipopokea ombi rasmi lililokamilika: fomu, cheti, makadirio na uthibitisho wa kipato. Ndiyo maana fomu iliyokosa karatasi moja ni hasara kubwa.

Wakikuambia "hatutoi fomu hadi zamu yenu ifike", ombeni fomu kwa barua pepe. Una haki ya kuwasilisha ombi.

Peleka vyote pamoja, kisha omba jibu lenye sentensi hii: "Ombi limepokelewa tarehe fulani na limekamilika." Miongozo ya serikali ya mwaka 2022 inalenga siku za kazi 55 kwa kazi rahisi ya dharura, na 180 kwa kazi ngumu isiyo ya dharura, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hayo ni malengo, si sheria, ila unaweza kuyataja kwa heshima unapofuatilia. Fuatilia kila baada ya wiki mbili, kwa maandishi.

Onyo kubwa kuliko yote: msianze kazi kabla ya barua ya idhini. Hata kung'oa bafu la zamani ili "kumsaidia fundi" kunahesabika. Kazi iliyoanza kabla ya idhini kwa kawaida hailipiwi.

## Hatua ya 8: Kazi yenyewe

Kazi imalizike ndani ya miezi 12 tangu idhini. Kabla fundi hajaanza, kubalianeni mgonjwa ataoga na kujisaidia wapi. Bafu huweza kufungwa wiki moja hadi mbili. Omba kiti choo cha muda kutoka huduma za jamii mapema.

Sakafu ikifunuliwa na mbao zikakutwa zimeoza, simamisheni. Pigeni picha, mpelekeeni afisa, msubiri idhini ya nyongeza kwa maandishi. Fundi akisema "tutamalizana baadaye", atakayemalizana naye ni wewe, kwa fedha zako.

## Hatua ya 9: Ukaguzi na malipo

Kaunsili hulipa baada ya kukagua na kupokea ankara. Msitie saini ya kuridhika kabla ya majaribio haya:

- Fungulia maji dakika 10. Yasituame, yasifike mlangoni.
- Mgonjwa mwenyewe akae kwenye kiti cha kuogea na afikie bomba bila kusimama.
- Kiti cha magurudumu kipite milango yote na kigeuke.
- Kiti cha ngazi kipande na kushuka mara tatu, mgonjwa akiwa amekaa.
- Vyeti vya umeme na dhamana viwe mkononi.

Wenye nyumba wajue hili: ruzuku ikizidi pauni 5,000, kaunsili inaweza kuandikisha dai kwenye nyumba. Ikiuzwa ndani ya miaka 10, inaweza kudai kiasi kilichozidi pauni 5,000 hizo, lakini kisichopita pauni 10,000. Ruzuku ya pauni 12,000 ikiwa na dai, linalodaiwa haliwezi kuvuka pauni 7,000.

Mkiwa mmeongezewa bafu la pili au jiko kwa sababu ya mgonjwa, au mna chumba maalumu kwa ajili yake, ombeni pia punguzo la kodi ya kaunsili kwa ulemavu. Hiyo ni fomu nyingine.

## Ukikataliwa au ukicheleweshwa

Ombeni sababu kwa maandishi na msome wanataja nini. "Si ya lazima" inajibiwa na OT na shajara. "Haiwezekani kwa nyumba hii" inajibiwa na mchoro mwingine. Kimya baada ya miezi 6 kinajibiwa na malalamiko rasmi kwa kaunsili yenyewe, mkiambatanisha ule ujumbe wa kupokelewa kwa ombi.

Msiporidhika na jibu lao la mwisho, peleka kwa Local Government and Social Care Ombudsman, mchunguzi huru wa malalamiko dhidi ya kaunsili. Ni bure, hahitaji wakili, na unaweza kuomba usaidizi wa lugha. Kwa kawaida awe amepokea malalamiko ndani ya miezi 12 tangu mlipolitambua tatizo, kwa hiyo msiache mwaka upite mkisubiri simu. Hali ya mgonjwa ikizidi kuwa mbaya katika kusubiri huko, mpigieni OT siku hiyo hiyo na muombe kesi ihamishiwe kwenye dharura. Kuanguka kumoja kulikompeleka hospitali, pamoja na barua ya kumruhusu kurudi nyumbani, ni sababu tosha ya kuomba hivyo.